Kipande cha Juu Kushoto

Saa mbili asubuhi, Jumatano, katika karakana yake ya London, Silas Wragge alihesabu vipande vya mbao mezani akapata vitano. Jana alikuwa amechora ubaoni nakala ya picha ya mama akimmegea mwanawe mkate, akautenganisha ubao vipande sita, akafunga kila kimoja kwa karatasi na kuvipanga kama vilivyokaa ubaoni. Leo wachongaji wangegawana kuvichonga viwe muhuri wa kuchapia, ili Jumamosi picha itoke katika gazeti la peni moja. Kipande cha juu kushoto hakikuwepo.

Inspekta Amos Tindall alikuta mwizi ameshatajwa: Hester Pruett, mjane anayefagia hapo.

"Mimi na wachongaji tulitoka pamoja saa kumi na moja," alisema Wragge kwa aibu, huku akimsogezea Hester kiti. "Alibaki yeye, na Bwana Lisle, aliyeichora kwa rangi picha ya asili. Alikuja kuona kazi, akakuta tumeshaifunga."

Everard Lisle hakuvua glavu. "Mfagiaji kaona kuni, kapeleka jikoni. Watu hawa sanaa wataijulia wapi?"

"Kuni ninazo, bwana. Jela ndiyo siitaki."

Tindall akaitazama meza. "Bwana Lisle, anayetaka kuiua picha hii angechukua kipande kipi?"

"Chenye uso wa mama, bila shaka."

"Kiko wapi?"

Lisle akacheka, akaonyesha pengo. "Si hicho kilichoibwa? Uso uko kushoto. Nimeuchora mwenyewe!"

"Wewe je, Mama Pruett?"

"Uko kulia, baba. Ubaoni huchorwa kinyume, ndipo karatasini ikae sawa. Mwaka wa tisa huu nafuta vumbi hapa."

Tindall akafungua kipande cha juu kulia. Uso ukatokeza.

"Kilichoibwa kina mawingu tu. Kila mtu wa humu anajua hivyo, hata mfagiaji. Umekipeleka wapi, bwana?"

Lisle akawa mwekundu. "Mtoni."

"Bila kukifungua?"

"Nifungue nini? Mnunuzi wangu aliuza haki ya kunakili bila kuniuliza! Kazi yangu ikabandikwe kwenye vibanda vya wauza samaki, wapishi waitazame wakimenya viazi?"

"Mawingu nitayachora upya kabla ya saa sita," alisema Wragge. "Mama Hester, nisamehe."

Hester alikuwa akimtazama Lisle.

"Jana nikifuta vumbi, kabla haujafungwa, niliutazama uso ule," alisema. "Nikadhani aliyeuchora anatupenda."