Sikio la Wakio

Kila siku kabla ya kengele ya kwanza, Wakio alikuwa amekwisha kuteka maji kwenye bomba la mtaa wa Kaloleni, amepika uji, amewaogesha wadogo zake wawili na kuipiga pasi sare yake kwa pasi ya makaa. Mwaka huo wa 1978 mvua ilikuwa imekataa kunyesha Voi, na vumbi jekundu liliingia hata katikati ya kurasa za daftari. Wakio alikuwa darasa la saba. Alikuwa mwepesi wa hesabu, mwepesi wa mbio, na mwepesi zaidi wa kununa.

Aliyemnunia kuliko wote ni Penina, msichana wa kijiji cha Mwanda aliyekuja mjini kukaa na shangazi yake ili asome. Uadui wao ulianzia kwenye kibao. Shuleni mwao, mwanafunzi aliyesikika akisema Kidawida, lugha ya Wataita, alivikwa kibao cha mti shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwingine. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa. Siku moja mlango ulimbana Wakio kidole, naye akamlilia mamake kwa Kidawida. Penina, aliyekuwa na kibao wakati huo, alikivua papo hapo akamvika.

"Sheria ni sheria," alisema.

Jioni Wakio alichapwa viboko vinne. Tangu siku hiyo hawakusalimiana tena.

Wote wawili walikuwa katika klabu ya wanyamapori, na wote walijua kuogelea, kwa kuwa mlezi wa klabu, Mwalimu Peris, aliwapeleka wanachama kila Jumamosi kwenye bwawa la hoteli moja ya watalii. Likizo ya Agosti ilipofika, klabu ilialikwa pwani kutazama matumbawe. Wanafunzi wengi wangeyatazama kupitia sakafu ya kioo ya boti. Wawili tu, waogeleaji hodari, wangezama wakiwa wamebeba mitungi ya hewa mgongoni. Mwalimu Peris aliwachagua Wakio na Penina.

"Chini ya maji hakuna anayekwenda peke yake," alisema. "Kila mmoja atakuwa mlinzi wa mwenzake."

"Afadhali nilindwe na papa," Wakio alinong'ona, akihakikisha kwamba Penina amesikia.

Siku mbili kabla ya safari Wakio alishikwa na mafua. Pua iliziba na kichwa kikawa kizito kama gunia la mahindi mabichi. Mamake, Susan, alimpaka mafuta ya mkaratusi kifuani.

"Umwambie mwalimu kwamba hujisikii vizuri," alisema.

"Nitamwambia, mama."

Hakumwambia. Alijua wazi kwamba akibaki, Penina angezama na kurudi shuleni kusimulia kwa mwaka mzima. Hilo hakuweza kulimeza.

Mzamiaji aliyewapokea pwani alikuwa Bwana Ambrose, mzaliwa wa Makwasinyi, chini ya Mlima Kasigau. Alikuwa amejifunza kuzama alipokuwa mwanamaji jeshini. Alikuwa mtu mfupi, mweusi wa kung'aa, asiyecheka. Siku ya kwanza aliwafunza kwenye maji ya kifuani jinsi ya kupumua kwa mdomo kupitia kipumulio. Aliwafunza pia lugha ya mikono: kidole gumba juu maana yake nataka kupanda, na kiganja kinachoyumba maana yake kuna tatizo.

"Mkishuka, maji yatasukuma masikio yenu," alisema. "Ziba pua, puliza taratibu, masikio yatazibuka. Yakikataa, usishuke hata hatua moja. Sasa niambieni. Nani ana mafua?"

Wakio alijishughulisha na kipumulio chake.

"Mwenye mafua njia ya sikio huziba. Akishuka, sikio hupasuka. Nauliza tena."

"Mbona Wakio alikuwa akipiga chafya kwenye gari moshi?" Penina aliuliza.

Bwana Ambrose alimgeukia Wakio. "Una mafua?"

"Sina, Bwana. Lilikuwa vumbi la Voi." Wanafunzi walicheka. Wakio alimtupia Penina jicho lililojaa sumu. Huyu, alijiambia, bado ana mkono wa kumvika mwenzake kibao.

Asubuhi iliyofuata boti ilitia nanga kando ya mwamba. Wasichana wawili na Bwana Ambrose walishuka wakishika kamba ya nanga. Maji yalikuwa ya baridi kuliko walivyotarajia, na mkondo uliwavuta miguu kama unaowataka waondoke. Chini yao matumbawe yalisimama wima, mengine kama pembe za swala, mengine yenye ncha kali kama wembe. Katikati yake nungunungu weusi wa baharini, wale wenye miiba mirefu, walikaa wakingoja unyayo wa mtu. Kundi la samaki wa manjano liliwapita bila kuwajali.

Kwenye mita mbili, masikio ya Wakio yalianza kuuma. Alibana pua akapuliza. Hakuna kilichozibuka. Kwenye mita tatu maumivu yalikuwa kama msumari unaogongwa taratibu. Bwana Ambrose aligeuka, akaonyesha ishara ya kuuliza kama kila kitu ni sawa. Wakio aliitikia kwamba ni sawa.

Penina alikuwa akimtazama. Alielekeza kidole kwenye sikio lake mwenyewe, kisha akainua kidole gumba: tupande? Wakio aligeuza uso. Aliishika kamba akajivuta chini kwa nguvu.

Kitu kilipasuka ndani ya kichwa chake. Maji baridi yaliingia sikioni, na mara bahari yote ikazunguka kama jiwe la kusagia. Hakujua juu ni wapi wala chini ni wapi. Alirusha mikono, akaachia kamba, na mkondo ukaanza kumsukuma kuelekea kwenye zile ncha. Ndipo mkono ulipomdaka mkanda wa mtungi, ukamng'ang'ania. Alikuwa Penina. Bwana Ambrose aliwafikia, akawapandisha wote wawili polepole.

Kwenye boti, damu nyembamba ilimtoka Wakio sikioni ikateremka shingoni.

"Nini kilitokea?" Bwana Ambrose aliuliza kwa sauti iliyowanyamazisha wote.

Wakio alitapika kando ya boti. Alipoinua kichwa aliona nyuso zote zikimtazama, na uso wa Penina katikati yake.

"Penina alinivuta chini," alisema.

"Muongo!" Penina alipiga kelele. "Mimi nilimshika asichukuliwe na maji!"

Bwana Ambrose alikuwa ameuona mkono wa Penina kwenye ule mkanda, lakini hakuona uliwekwa lini. "Baharini sina mzaha," alisema. "Wewe Penina hutaingia majini tena." Mwalimu Peris akaongeza kwamba angemwandikia shangazi yake barua, na kwamba Penina asijihesabu tena kuwa mwanaklabu. Wanafunzi walisogea, wakamwacha Penina akae peke yake mwisho wa boti. Hakulia. Aliyatazama maji tu, taya zimekaza.

Zahanatini, daktari mzee alimulika sikio la Wakio, kisha pua, kisha koo.

"Ngoma ya sikio imetoboka," alisema. "Mafua haya yalianza lini?"

"Nilivutwa, Daktari."

"Sijauliza nani alikuvuta. Nikikosea dawa, usaha utaingia ndani na sikio litakufa. Mafua yalianza lini?"

Wakio aliishika shingo upande wa sikio lililouma. "Siku mbili kabla hatujaondoka Voi," alisema. Kisha yote yakamtoka: mamake, chafya, ishara ya Penina, uongo wa kwenye boti.

Daktari aliandika dawa bila haraka. "Umefanya vizuri kuniambia," alisema. "Lakini mimi hukunikosea chochote."

Asubuhi, wenzake walipokuwa wakinywa chai, Wakio alisimama huku pamba imejaa sikioni.

"Penina hakunivuta," alisema. "Nilikuwa na mafua nikayaficha. Yeye aliniambia tupande, nikakataa. Ndiye aliyeniokoa. Nilimsingizia kwa sababu namchukia."

Mtu alisonya. Mwingine alisema, "Ptuu, kumbe!" Mwalimu Peris aliweka kikombe chini, akamwomba Penina msamaha mbele ya wote, akasema barua haitaandikwa.

"Penina, nisamehe," Wakio alisema.

"Nimesikia," Penina alijibu, akaendelea kula mkate wake.

Siku hiyo Penina alizama tena na Bwana Ambrose. Wakio alibaki kwenye mchanga, hakuna mwanafunzi aliyetaka kukaa karibu naye. Baada ya saa nzima Bwana Ambrose alitoka majini, akaketi kando yake huku maji yakimtiririka.

"Bahari haikupendi wala haikuchukii," alisema. "Haina habari na wewe. Anayekujali huko chini ni mwenzako, na ukimdanganya umebaki peke yako. Penina hakupendi, wala hakulificha hilo, lakini alikushika. Wewe uliona heri kupasuka sikio kuliko kuonekana umeshindwa. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umeumbuliwa na sikio tu. Mwili ukiugua, sema. Ukikosa, sema. Aibu ya kusema huisha siku moja, lakini madhara ya kuficha humwangukia hata asiyehusika."

"Nimeelewa, Bwana," Wakio alisema, na safari hii ilikuwa kweli.

Sikio lilichukua wiki saba kupona. Yeye na Penina hawakuwa marafiki, lakini muhula mpya ulipofunguliwa Wakio alimsalimu langoni mbele ya watu, na Penina, baada ya kufikiri kidogo, aliitikia.