Mlango wa Friji

Mshonaji alifika nusu ya mshono, akasimama tena. Akaenda kwenye friji, akafungua, akagusa kichupa cha dawa ya baba mkwe wake. Akafunga. Akarudi kwenye cherehani. Hakukanyaga sana, akasimama tena.

"Mwanangu, hiyo dawa haina miguu," mzee alisema kutoka kitini. "Haitatoroka."

"Joto hili, baba! Nesi alisema insulini ikipata joto inapoteza nguvu. Na umeme wenyewe unakuja kama mgeni mwenye haraka."

Mwaka huo mvua zilikosekana. Mto unaozungusha mitambo ya umeme ulipungua, na umeme ukawa wa mgao. Bati liliwaka juu ya vichwa vyao. Tayari dawa ilishaharibika mara moja, mzee akalazwa hajitambui. Tangu siku hiyo mshonaji hatulii.

Akamwita shoga yake wa jirani, fundi wa friji.

"Hodi! Mgonjwa yuko wapi?" fundi aliuliza, mfuko wa vifaa begani.

"Mimi mzima," mzee akajibu. "Mgonjwa ni huyo mweupe pale pembeni."

Fundi alibana karatasi kwenye mlango wa friji, akaivuta. Ikatoka bila ubishi.

"Mpira umelegea, baridi inavuja. Ukuta huu nao unapigwa jua kutwa. Na sufuria hii?"

"Mchuzi. Niliuingiza ungali moto, usichache."

"Shoga, umeingiza jiko ndani ya friji!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Mlango je, mnafungua mara kwa mara?"

Mzee akatazama dari. "Mimi sisemi kitu."

"Ni mimi," mshonaji alisema polepole. "Naangalia kama dawa bado ni baridi."

"Pole, dada. Kila ukifungua, baridi inatoka, joto linaingia. Unaipasha dawa unayoilinda."

Machozi yakamlengalenga. Fundi akamshika bega.

"Ni upendo tu. Ila upendo nao hufunga mlango." Akaanza kubandua mpira wa zamani. "Friji ikihangaika, inakula umeme mwingi. Umeme mwingi duniani unatokana na kuchoma makaa ya mawe, gesi na mafuta. Hewa chafu yake hubaki angani, inaifunika dunia kama blanketi. Joto linazidi, mvua zinavurugika, mito inakauka."

"Kumbe tunajikuna kidonda," mzee alisema.

"Ndiyo, baba. Nyumba moja haiwezi kuipoza dunia. Lakini kila nyumba ina mlango wake wa kufunga."

Alifunga mpira mpya. Wakaisogeza friji kivulini, mbali kidogo na ukuta. Nafasi tupu wakaijaza chupa za maji, zitunze baridi umeme ukikatika. Mwisho fundi akaweka kipimajoto chenye waya, kioo chake kikabaki nje.

"Kisizidi nyuzi nane, kisishuke chini ya mbili. Kikitoka hapo, muulize nesi kabla ya kumchoma mzee sindano. Hakuna haja ya kufungua."

Kesho yake umeme ukakatika. Mshonaji alitazama kioo. Akatazama tena. Akasimama.

"Haina miguu," mzee akamkumbusha.

Akakaa. Akaendelea kushona.

Saa ya sindano ilipofika alifungua mara moja tu, akachukua kichupa, akafunga. Kioo kilionyesha sita. Kichupa kilikuwa baridi kiganjani. Akakishika kidogo zaidi, kisha akavuta pumzi ndefu.

"Leo umemaliza shati zima?" mzee aliuliza, akifunua tumbo lake.

"Nimemaliza, baba. Ila mkono mmoja umekwenda kombo."

"Hilo ni langu," mzee akasema. "Nitalivaa hivyo hivyo."