Ndoo Nyekundu ya Wasike

Ndugu zangu mnaopika chakula cha kuuza, nisikilizeni. Habari hii ni ya Bugembe, kando ya barabara itokayo Jinja, miaka ile wanajeshi walipotawala na sukari ikaadimika kama dhahabu.

Asubuhi kwa Wasike ilikuwa njema. Mkewe Nasimiyu alikaanga sambusa, chai ilinukia tangawizi, na madereva wa Mbale walitaniana mezani. Hoteli ile Wasike aliachiwa na tajiri wake Vallabh, Wahindi walipofukuzwa nchini. Siku ya kuondoka, Vallabh alimwonyesha ndoo nyekundu karibu na jiko.

"Wasike, hii ya mchanga wa kuzimia moto tu. Kila asubuhi tia mkono mpaka chini."

Kwa miaka mitatu Wasike alitia mkono. Kisha akapata sukari ya magendo, na aliyekamatwa na sukari siku hizo pengine hakurudi nyumbani. Akaumwaga mchanga nyuma ya nyumba, akaijaza ndoo sukari, akatandaza gazeti, na juu yake mchanga wa unene wa vidole viwili. Mkewe hakumwambia. Eti mwanamke hana kifua cha siri! Kila alfajiri alichota kikombe kimoja, akadai amepewa na rafiki.

Siku moja askari wawili wakaingia wakanywa chai.

"Bwana, chai yako iko tamu sana. Sukari unatoa wapi?"

"Ilikuwa kidogo tu, afande. Imekwisha."

Wakapindua magunia, wakachungulia mvunguni. Mmoja akazima sigara yake kwenye mchanga wa ndoo, wakaenda zao. Wasike akakiokota kipisi, akausawazisha mchanga.

Nasimiyu naye alikuwa akiutazama ukuta wa jikoni.

"Baba Khainza, ukuta huu umeganda mafuta, na mlango wa nyuma umeupigilia misumari kwa kuogopa wezi. Moto ukizuka nitafanya nini?"

"Si mchanga upo?"

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini, Mama Khainza. Hunijui?"

Hapo ndipo ninapomkasirikia Wasike. Magendo wengi walifanya, njaa ina mambo yake. Lakini mtu anayesimama mbele ya moto kwa ajili yako, utamdanganyaje?

Njia ya mwongo ni fupi. Kesho yake mchana, hoteli ikiwa imejaa, Nasimiyu aligeuka kupakua wali, na mafuta kwenye karai yakashika moto. Ndimi zikapanda ukutani. Mama yule hakupapatika. Alijua la kufanya: akainyanyua ndoo nyekundu, akaimwaga yote.

Mchanga kidogo ukatangulia, gazeti likafuata, kisha sukari. Mafuta yakaruka. Sukari ikayeyuka, ikawaka, ikamgandia mikononi. Akakimbilia mlango wa nyuma, akaupiga kwa viwiko huku akilia, "Baba Khainza! Mlango!" Wasike aliisikia ile misumari aliyoipigilia mwenyewe. Alijifunika gunia lililoloweshwa, akaupita moto, akamtoa kwa mlango wa mbele. Nyuma yao bati liliporomoka.

Dereva mmoja aliwapeleka Mbale kwa Nambozo, dada yake Nasimiyu. Nasimiyu alipona, ila vidole vyake viligandana, havikuviringisha chapati tena. Wasike ndiye anayemlisha. Jioni moja alimletea kikombe cha chai, akakishika mdomoni pake. Nasimiyu akaonja, ilikuwa na sukari.

"Nilikuuliza," akasema polepole. "Mpaka chini?"

Chai ikapoa mkononi mwa Wasike.

FUNZO

Wenzangu, mchanga wa kuzimia moto ubaki mchanga, na muutie mkono kila siku. Ukuta usugueni, mafuta yasigande. Mlango wa nyuma ufunguke kwa kusukumwa. Karai likiwaka, lifunikeni kwa mfuniko, wala msilimwagie maji. Na zaidi ya yote, anayepika aambiwe kweli kuhusu kila kilichomo jikoni mwake. Ya Wasike mmeyasikia. Sasa nendeni mkatazame ndoo zenu.