Kivinjari cha Tisa

Enyi mnaotumia kompyuta moja nyumbani, hasa mnaoitumia wawili, nisikilizeni.

Asubuhi ile nyumba ya fundi cherehani ilikuwa imetulia. Pasi ilikuwa inapoa mezani, na mteja wake, muuguzi, alisimama mbele ya kioo akiwa na gauni lililojaa pini. Fundi akampiga picha ya mgongo, ili kesho aone kitambaa kinavutika wapi. Ndivyo alivyofanya kazi, na kila mteja alimwekea sharti lilelile.

"Picha haitoki humu, shoga."

"Haitoki. Naifungia kwenye kompyuta kwa neno la siri. Gauni likiisha, naifuta."

Kwa ahadi hiyo wanawake wa mtaa mzima walimwamini.

Chumba cha pili alikaa mumewe, fundi redio. Majirani walimbandika jina la Kinyemi, kwa kuwa hakuna kipya kilichompita. Kompyuta yao, yenye mfumo wa Linux, ilikuja na kivinjari kizuri cha kuingilia mtandaoni. Akaongeza cha pili. Hapo simlaumu. Lakini alifika cha nane. Hakuvifanyia kazi yoyote; alivifungua, akavitazama, kisha akatafuta kingine, huku redio za watu zikijaa vumbi na chai ya juzi ikiota ukungu kando ya kibodi.

"Baba watoto, hivyo vinane unavila?"

"Wewe shona. Mambo ya kompyuta niachie mwenyewe."

Siku moja akasoma habari za cha tisa. Ghala la programu la mfumo wao, ambako vitu hukaguliwa kabla ya kutolewa, lilikuwa nacho, ila toleo la mwezi uliopita. Kinyemi akasonya. "Mimi nile kiporo?" Akaingia tovuti asiyoijua, yenye picha chafu pembeni, akanakili mstari mrefu wa amri ambao hakuuelewa hata nusu, akaubandika kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Mashine ikamwuliza neno la siri la msimamizi. Akaliandika huku akipiga mluzi.

Ndugu msomaji, neno lile ndilo ufunguo wa vyumba vyote. Mgeni aliyejificha ndani ya amri ile, akiisha kupewa ufunguo huo, hakuishia sebuleni. Aliingia hadi kwenye picha za wateja alizozifungia mke, akazibeba.

Siku ya nne muuguzi aliingia bila hodi, simu mkononi. Mgongo wake, pini na yote, ulikuwa kwenye ukurasa wa uchafu, na chini yake maneno ambayo kalamu yangu inakataa kuyaandika.

"Huu mgongo wa nani?"

Fundi alizijua pini zile. "Wako."

"Si uliniambia haitoki?"

"Nilikuambia, shoga."

Akaenda chumba cha pili. "Baba watoto, umefanya nini kwenye kompyuta?"

"Nimeweka kivinjari tu. Kina kasi hicho! Hebu njoo uone."

Alikuwa anatabasamu. Fundi akatazama ile sura iliyoridhika, zile kucha nyeusi juu ya kipanya, na kile kikombe chenye ukungu. Akatapikia ndoo ya vipande vya vitambaa.

Kisha akachomoa waya wa mtandao, akaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wateja wote kwa kinywa chake. Wakaja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, vingine vimekatwa nusu. Muuguzi aliondoka na gauni likiwa bado na pini.

"Pini nitakurudishia."

"Kaa nazo."

Kinyemi alifuta mashine yote, akaweka mfumo upya. Mkewe alikuwa anaifunika cherehani alipomsikia akiuliza, "Sasa tuanze na kivinjari gani?"

Funzo

Si kosa kupenda kivinjari kingine. Kichukue kwenye ghala la mfumo wako, au kwa waliokitengeneza wenyewe. Amri usiyoielewa usiibandike, hata ukiambiwa inaleta kasi ya radi. Na kabla hujafungua mlango wa nyumba, kumbuka nani mwingine yumo ndani. Tumezoea kusema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kinyemi alikipata kipya chake. Kidonda kikamwota mkewe.