Oili Niliyoipimia Kibarazani

Kila asubuhi kabla ya shule niliingiza barafu ndani. Hapa Tiit-Ebe, kitongoji chetu cha kaskazini ya mbali, maji ya kunywa tunayakata mtoni kwa msumeno, tunayapanga uani kama matofali, na kila siku kipande kimoja kinatiwa kwenye pipa lililo kando ya jiko kiyeyuke. Kazi hiyo sikuichukia. Nilichochukia ni safari ya chooni. Choo chetu kiko mwisho wa ua, na kwenye baridi ya digrii hamsini chini ya sifuri kila kinachodondokea mle hugeuka jiwe. Ikifika Desemba lundo limepanda juu kama kichuguu, na Baba hulivunja kwa mtaimbo. Mniwie radhi, lakini ndivyo lilivyo. Na kuni zetu zilipangwa nyuma ya choo hicho hicho.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mwanzoni mwa Desemba, Mjomba Afanasi alirudi kutoka mjini na lori lililojaa makopo ya njano. Hakuwa mjomba wangu wa damu. Ni jirani wa nyumba ya mwisho, na sote tulimwita hivyo kwa adabu. Alikuwa na tabia ya kukusogelea usoni anapozungumza huku anatafuna samaki mkavu, hata ukajua amekula nini tangu juzi.

"Aital, tazama mwenyewe," alimwambia Baba, akigonga kopo kwa kucha nyeusi. "Sifuri W thelathini! Oili ya baridi kali, imeandikwa hapa. Kitongoji kizima nimekiletea."

Baba aliigeuza lebo huku na huku. "Lebo haijawahi kulala nje, Afanasi. Tutaipima kwanza."

"Pima, pima! Nani amekukataza?"

Mjomba alipoondoka, nilimuuliza Baba maana ya ile sifuri.

"Namba iliyo mbele ya W ndiyo inayosema habari za baridi," alisema. "Ikiwa ndogo, oili inabaki nyepesi hata kwenye baridi kali, na injini inawaka. Ikiwa kumi au kumi na tano, hiyo ni ya watu ambao baridi yao ni ya kupozea chai tu. Kwetu oili ya namna hiyo inaganda, injini haizunguki, na mtu wa kwetu asiye na gari Januari ni mtu wa kuzikwa. Sasa sikiliza. Mimi kesho naenda kuwatazama farasi, nitalala huko. Chukua chupa hii ya jamu yenye oili, jioni iweke juu ya kuni. Juu ya kuni, Kunnei, si kwingine. Asubuhi kabla ya jua iinamishe uone kama inatiririka. Watu wote wanasubiri neno letu."

Ilikuwa kweli. Kila mwaka majirani walingoja kipimo cha Baba, na akishasema ndiyo, kila nyumba ilibadilisha oili.

Jioni ya siku ya pili nilivaa koti, nikafungua mlango wa nje, na baridi ikanipiga puani hata nikatoa machozi. Nilikiona choo kule mwisho. Nikafikiria kulipita lile lundo, kisha kulipita tena asubuhi, gizani, kwa ajili ya vijiko vinne vya oili. Nikafunga mlango. Kibaraza chetu kimezungushiwa mbao, na humo tunaweka samaki, nyama na maziwa yaliyogandishwa. Nikajiambia kwamba mahali panapogandisha samaki akasimama wima kama fimbo hapashindwi kugandisha oili. Nikaipachika chupa kati ya samaki wawili nikarudi kwenye jiko.

Nilijua vizuri kwamba kibarazani ni digrii ishirini tu chini ya sifuri na kuni zilikuwa kwenye hamsini. Asubuhi niliiinamisha chupa, oili ikatiririka vizuri kabisa. Baba aliporudi nilimwambia, "Inamiminika kama chai."

"Juu ya kuni?"

"Juu ya kuni."

Hakuuliza tena, na Jumamosi kitongoji kizima kiliwasha majiko kwenye mabanda ya magari na kubadilisha oili. Magari manne. Bibi Daria, mjane wa jirani, alinipa hata kipande cha keki ya maziwa kwa kazi nzuri. Nilikila. Nikikumbuka nilivyokila nikilamba vidole, natamani kutapika.

Siku chache hali ya hewa ililegea, magari yakawaka, nami nikaamini mambo yamekwisha. Kisha baridi ikarudi. Jumanne asubuhi ilikuwa digrii hamsini na nne, shule ikafungwa, na ukungu ukatanda hata nyumba ya pili haikuonekana.

Asubuhi hiyo hiyo Babu, baba yake Baba tuliyeishi naye, alishindwa kufungua mdomo. Jino lilikuwa limemsumbua wiki mbili, naye akalificha, akijidai hana njaa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Shavu lilikuwa limevimba likafunga jicho, shingo imekuwa nyekundu, na usaha ulimtoka pembeni mwa mdomo ukinuka vibaya sana. Nilimshikia bakuli huku nimebana pumzi, na niliona aibu kwamba namwonea kinyaa babu yangu mwenyewe.

Shangazi Matryona, muuguzi wetu, alikuja akamgusa chini ya taya, kisha akamgeukia Baba.

"Uvimbe unashuka shingoni," alisema. "Ukiendelea utamziba pumzi. Hospitali ya wilaya, Aital, na iwe leo. Si kesho. Gari la zahanati limempeleka mama mjamzito tangu jana."

Ni kilomita themanini. Baba alitoka mbio, nami nikamfuata bandani. Akazungusha ufunguo. Injini iliguna mara moja kama ng'ombe aliyekanyagwa, ikanyamaza. Akajaribu tena, ikanyamaza kabisa. Kulipasha banda moto mpaka oili ilainike kungechukua nusu siku, na Babu hakuwa na nusu siku. Akafungua boneti akachomoa kijiti cha kupimia oili, na kwenye ncha yake kulikuwa na kitu kizito cha manjano, kimening'inia bila kudondoka. Kilikuwa kama kamasi ya mtoto mwenye mafua.

"Kunnei," Baba alisema bila kugeuka. "Ile chupa ililala juu ya kuni?"

Babu yangu yuko ndani anaoza taya, na mimi nikajibu, "Ndiyo, Baba."

Mlango wa banda ukasukumwa. Alikuwa Erchim, mtoto wa jirani tunayesoma naye. "Mzee Aital, gari letu limekufa! Na la Bibi Daria limekufa, na la kina Dohsun pia!" Akanitazama. "We mpimaji, hivi ulipima oili au ulipima uji?"

Baba hakusubiri. Katikati ya ukungu ulisikika mngurumo wa injini moja tu, ukitoka nyumba ya mwisho. Tukaufuata. Lori la Mjomba Afanasi lilikuwa linanguruma uani kwake bila wasiwasi wowote, na mwenyewe amesimama kando anatafuna samaki wake.

"Zima," Baba akasema. Akafungua boneti, akachomoa kijiti. Oili iliteleza ikadondoka matone mawili juu ya theluji, nyepesi, safi. "Hii haikutoka kwenye makopo ya njano."

"Aital, ndugu yangu, kila mtu na gari lake..."

"Umetuuzia uchafu na kwako ukatia oili nzuri!"

"Mimi nauza tu, sijui kilichomo. Niliambiwa ni nzuri. Lakini gari hili ndilo shamba langu, ningelijaribia vipi?" Aliyasema hayo yote huku akitafuna. Sijawahi kuona mdomo uliostahili kofi kama ule.

"Binti yangu aliilaza chupa juu ya kuni usiku kucha, ikatiririka," Baba akasema, na sauti yake ikapanda. "Kwa hiyo oili uliyotupa ya kupima ni nyingine, na ya kuuza ni nyingine. Umebadilisha makopo, Afanasi!"

"Sikubadilisha! Naapa kwa makaburi ya wazee wangu! Makopo ni yale yale!"

Baba akamkamata ukosi wa koti. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulitegemea. Afanasi, mtu mchafu kuliko wote niliowajua, alikuwa anasema kweli, na kweli yake haikuaminika kwa sababu yangu.

"Baba, mwachie," nikasema. "Hakubadilisha. Chupa sikuiweka juu ya kuni. Niliiweka kibarazani."

Baba akamwachia. Erchim, aliyekuwa ametufuata, akatazama viatu vyake. Kisha Mjomba Afanasi akajikung'uta koti, akaniinamia mpaka nikasikia pumzi yake ya samaki, akanikonyeza.

"Unaona, Aital?" akacheka. "Huyu mtoto mwenzangu kabisa. Ana akili ya biashara."

Nimeona lundo la chooni, nimeshika bakuli la usaha, lakini hakuna kilichowahi kunitia kinyaa kama lile konyezo. Kilikuwa kinyaa cha kujiona mwenyewe. Nikageuka nikatapika kwenye theluji.

"Cheko liishe," Baba akamwambia Afanasi. "Utampeleka baba yangu wilayani sasa hivi, na utaendesha kana kwamba ni baba yako."

Mjomba hakubisha. Tulimfunga Babu mablanketi mpaka ikabaki pua, Baba akapanda naye, na lori likamezwa na ukungu. Kwa saa tano nzima tulikaa bila habari. Mama hakunigombeza, na ningependa anigombeze. Simu ilipoita, ilikuwa Baba: Babu amepasuliwa uvimbe, meno matatu yameng'olewa, anapumua vizuri. Daktari alisema wangechelewa mpaka jioni wangemleta maiti.

Baba alirudi Alhamisi. Tuliwasha jiko la banda mpaka oili ikalainika, nikalala chini ya gari kushika beseni wakati ile takataka ya njano inatoka, nzito, ikiniingia mikononi hata kwenye viwiko. Sikulalamika. Tulipomaliza alikaa juu ya gogo akanifuta mikono kwa kitambaa.

"Baba, Mjomba Afanasi ni mtu wa kuchukiza," nikasema. Nilikuwa natafuta pa kuegemea.

"Ni kweli. Na tangu siku ya kwanza sikuiamini lebo yake, ndiyo maana nikapima. Mwongo tunayemjua hawezi kutuua, kwa sababu tunajikinga naye." Akaendelea kufuta kidole kimoja kimoja. "Lakini wewe tulikuamini. Bibi Daria hakutia oili ya Afanasi kwenye gari lake, alitia neno lako. Mtu anayeaminiwa akisema uongo hakuna anayejikinga, mwanangu. Ndiyo maana uongo wako ulikuwa hatari kuliko wake. Kazi ukiona huiwezi, sema huiwezi. Ningeipima mimi siku iliyofuata, na babu yako angekuwa na gari."

Nililia. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza.

"Sasa vaa koti," akasema. "Nyumba tatu zina magari mabovu na hazijasikia kwa kinywa chako kilichotokea. Nenda ukawaambie."

"Twende wote, Baba."

"Hapana. Ulisema uongo peke yako."

Nikavaa koti, nikafungua mlango, nikaanza na nyumba ya Bibi Daria.