Moto Tumboni mwa Mwantumu

Mwantumu ni mtoto wa Tanga, na Tanga ni joto. Lakini leo ameamka Makete milimani, kwa Mamkubwa wake. Makete, jamani, kuna baridi! Meno yanagongana, ka-ka-ka.

Mamkubwa akammiminia chai.
"Kunywa, mwanangu. Chai ya moto hiyo."
Mwantumu akanywa. Gu, gu, gu.

Akatoka uani. Akapiga mwayo.
Haaa!
Moshi! Moshi mweupe, mdomoni mwake!

Mwantumu akashtuka. "Nimekunywa chai ya moto. Sasa natoa moshi. Mama yangu! Moto umeingia tumboni!"

Nyumba ya Mamkubwa ni ya mbao. Je, ikiungua?
Mwantumu akaubana mdomo.
*Moto, moto, usitoke!*
*Mdomo wangu, usifunguke!*

Akapumua kwa pua. Fuuu!
Lo! Moshi ukatoka puani!
Akaiziba na pua.

"Mwantumu, nikuongeze chai?" Mamkubwa akauliza mlangoni.
"Mm-mm."
"Kulikoni?"
"Mm-mm!"
*Moto, moto, usitoke!*
*Mdomo wangu, usifunguke!*

Lakini pumzi zikamwishia. Akaangua kilio.
"Usinisogelee, Mamkubwa! Nina moto tumboni! Nitaichoma nyumba yako!"

Mamkubwa hakucheka. Alitaka kucheka, lakini hakucheka.
"Pole, mwanangu. Twende jikoni tukauangalie huo moshi."

Maji ya ndoo yalikuwa yameganda usiku. Mamkubwa akavunja barafu, kwaa! Akaitia sufuriani, akaiweka motoni.
Barafu ikayeyuka, ikawa maji. Maji yakachemka, toko-toko-toko. Kitu cheupe kikapaa.

"Moshi!" Mwantumu akajificha nyuma ya mlango.
"Ngoja kwanza," Mamkubwa akasema.

Akashika sahani nyeupe juu ya sufuria. Sahani ikalowa. To! To! Matone yakadondoka.
"Huu ni mvuke. Mvuke huacha maji."

Akaifuta. Akaishika juu ya kuni zinazowaka. Sahani ikaingia weusi.
"Huu ndio moshi. Moshi huacha masizi."

Akaiosha sahani, akaikausha, ikawa safi, ikawa baridi.
"Haya, zamu yako. Pumulia hapa."

Mwantumu akasogea taratibu. Je, ikiwa nyeusi?
*Moto, moto, usitoke…*
Akafumba macho. Akafungua mdomo.
Haaa!

Akafumbua jicho moja.
Si nyeusi! Akapitisha kidole. Kidole kikalowa.
"Maji, Mamkubwa! Ni maji!"

"Ndiyo, pumzi yako ina mvuke. Mvuke huo ukikutana na baridi, unakuwa matone madogo madogo, meupe kama moshi."
"Na chai ya moto je?"
"Ni chai iliyopata joto tu. Moto wenyewe umebaki jikoni."

Mwantumu akamrukia Mamkubwa, akamkumbatia kwa nguvu. Siku nzima akazunguka uani akipumua. Haaa! kwa kuku. Haaa! kwa mbuzi.

Usiku Mamkubwa akamfunika mablanketi mazito. Baadaye akaja kumchungulia.
Mwantumu amelala fofofo, mdomo wazi.