Mdaiwa Aliyeitika

Asubuhi ile kiti cha mdaiwa kilikuwa kimelowa chepechepe, na mvua yenyewe watu walishaisahau. Karani alikifuta, kikalowa tena. Akamlaumu mfagizi kimoyomoyo, akaendelea na kazi.

Kazi yake ilikuwa kuita watu, na kwa sauti yake kubwa mahakama nzima ilimwita Tarumbeta. Wanaotaka talaka, wanaogombea mipaka, akina baba waliokimbia matunzo ya watoto, wote aliwaita mlangoni mara tatu, kisha akamwambia hakimu nani kafika. Asiyefika alishindwa.

Ikafika zamu ya mjane. Tangu mumewe azikwe, kuna mtu alikuwa amehamia nyumbani kwake: anakohoa, anabamiza milango, uso wake hajauona mtu. Mjane na wanawe walijibanza kwa majirani, nao majirani walishaanza kununa. Kwa kuwa hakulijua jina la mvamizi, samansi iliandikwa “mkaaji wa nyumba hiyo” tu, ikabandikwa mlangoni.

“Kaka, akija je?” mjane alinong'ona.

“Hawaji hao, dada yangu. Tulia.”

Tarumbeta akaita. Kimya. Akaita tena, ikapita harufu ya udongo mbichi. Alipoita mara ya tatu, kitu cha baridi kilimpita begani kama mtu anayeomba njia, kikaacha unyayo wa maji sakafuni, kisha mwingine, na mwingine, zote zikielekea kwenye kile kiti, nacho kiti kikalia kama kimekaliwa na mtu mnene, halafu sikioni mwake, kwa adabu kabisa, ikasemwa: “Nipo.”

Hakimu hakuinua kichwa. “Mdaiwa kafika?”

Tarumbeta alimtazama mjane, na mtoto aliyesinzia mapajani mwake. Akisema kafika, shauri litasikilizwa, na nani atamshinda asiyeonekana? Aliogopa, lakini huruma ilimzidi nguvu.

“Hakufika, mheshimiwa.”

Hakimu akaamuru mkaaji atoke siku hiyo hiyo. Alasiri mjane akaleta salamu: nyumba imetulia, watoto wanacheza ndani. Tarumbeta akashika njia ya kwake akijiambia wema hauozi.

Alimkuta mkewe barazani, peku, jua halijazama.

“Mbona uko nje?”

“Baba watoto, sema polepole. Kuna mtu chumbani kwetu.”

“Nani?”

“Hajataja jina. Anasema mahakamani aliitika, wewe ukamkana.”

“Mtoto yuko wapi?”

Mkewe akaziba mdomo kwa kanga, machozi yakimtoka. “Amempakata. Anasema atamwachia ukienda kumwambia hakimu kwamba alifika. Arudishiwe nyumba yake.”

Tarumbeta akawafikiria watoto wa mjane, halafu mwanawe. Kule ndani mtoto akacheka, akacheka tena, kama anayetekenywa na mtu anayempenda.